Waliokasirika Nao Walisoma

Mwezi Mei 1949, jarida la Les Temps modernes la Paris lilichapisha sura moja ya kitabu ambacho kilikuwa bado hakijatoka chote. Sura ilihusu jinsi msichana anavyoingizwa katika mambo ya unyumba: anachoambiwa, anachofichwa, anachokiogopa. Mwandishi alikuwa Simone de Beauvoir, aliyewahi kuwa mwalimu wa falsafa, mwenye umri wa miaka 41. Sura ile ilimchafua roho François Mauriac, mwandishi wa riwaya, Mkatoliki wa kweli kweli, mtu ambaye miaka mitatu baadaye angepewa Tuzo ya Nobel. Mauriac alifungua mjadala katika gazeti la Le Figaro littéraire, akitaka vijana wasomi waseme kama maandishi ya namna hii yana nafasi katika fasihi. Kisha akamwandikia mmoja wa watu wa jarida lile ujumbe wa kejeli kwamba sasa yeye Mauriac hakuna asichokijua kuhusu uke wa bosi wake.

Ujumbe huo tunaujua kwa sababu Beauvoir mwenyewe aliuhifadhi katika tawasifu yake. Nimeanza nao kwa sababu watu wakizungumzia vitabu vya wanawake wa Kifaransa vilivyozua zogo, kwa kawaida hadithi huishia hapo hapo: mwanamke kaandika, wazee wamekasirika, wazee wameonekana wajinga, mwanamke kashinda. Hadithi tamu, lakini nusu yake imekatwa. Katika miaka 70 na zaidi iliyofuata, waliokasirikia vitabu hivi hawakuwa wazee wa Kanisa tu. Wengi walikuwa wanawake, wasomaji wa kawaida, wengine wakiwa ndio haswa walioandikiwa. Hao ndio ninaotaka tuwasikilize leo.

Lakini kwanza tumalizane na mwaka 1949.

Kitabu chenyewe, Le Deuxième Sexe, yaani Jinsia ya Pili, kilitolewa na Gallimard kwa juzuu mbili, ya kwanza Juni na ya pili Novemba. Kwa jumla ni kurasa zinazokaribia 1,000. Hoja yake kuu, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba mwili wa kike pekee hautoshi kumfanya mtu awe yule tunayemwita mwanamke. Kazi hiyo hufanywa na malezi, sheria, dini, hadithi na mazoea ya kila siku. Mwanamume amefanywa kuwa kipimo cha ubinadamu, na mwanamke akabaki kuwa yule mwingine, anayeelezwa kwa kulinganishwa naye. Msemaji wa Kiswahili haihitaji kozi ya udhanaishi kulielewa hilo. Sarufi yetu imeshalisema: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja ni mtendaji, mwingine anatendwa, na ukigeuza vitenzi hivyo watu watacheka.

Kwa maelezo ya Beauvoir, juzuu ya kwanza iliuzwa nakala 22,000 katika wiki ya kwanza. Matusi yalikuja pamoja na mauzo. Albert Camus, aliyekuwa rafiki, alimlaumu kwamba amemfanya mwanamume wa Kifaransa aonekane kichekesho. Upande wa Wakomunisti nao haukumpokea vizuri: mwandishi mmoja wa kike katika gazeti lao la fasihi aliona kwamba wanawake wa viwandani wangeangua kicheko wakisoma mambo kama yale. Mwaka 1956 Vatikani ikakiingiza kitabu katika orodha ya vitabu vilivyoharamishwa kwa waumini. Kwa hiyo kulia walisema ni uchafu, kushoto wakasema ni anasa za wenye nafasi.

Ili uelewe ukali ule, kumbuka nchi ilikuwaje. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944 na wakaitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1945, miaka minne tu kabla ya kitabu kutoka. Sheria ya mwaka 1920 ilikuwa bado inakataza hata kutangaza njia za kuzuia mimba. Na tarehe 30 Julai 1943, chini ya serikali ya Vichy, mwanamke aitwaye Marie-Louise Giraud alikatwa kichwa kwa gilotini kwa kosa la kuwatoa wenzake mimba. Sasa fikiria: miaka sita baada ya kichwa kile kuanguka, Beauvoir anafungua sura yake inayohusu mama, na kitu cha kwanza anachozungumzia, kabla ya kunyonyesha na kubembeleza, ni utoaji mimba. Msomaji wa 1949 hakuhitaji kuwa mshamba ili ashtuke.

Nataka pia tuliangalie lile neno lililomchekesha Mauriac, kwa sababu linarudi.

Mwaka 1960, vita ya Algeria ikiendelea, wakili Gisèle Halimi alimwomba Beauvoir amtetee hadharani Djamila Boupacha, msichana wa Kialgeria aliyekamatwa na askari wa Kifaransa, akateswa na kubakwa kwa chupa. Beauvoir aliandika makala katika Le Monde, iliyotoka Juni mwaka huo. Gazeti lilimwomba abadilishe neno moja. Badala ya kutaja uke, aandike tumbo. Toleo lile lilikamatwa na serikali kule Algiers hata hivyo. Kwa hiyo mwaka 1949 neno lile lilikuwa mzaha wa mzee mmoja mwenye jina, na mwaka 1960, lilipohitajika ili kusema ukweli wa mateso, likawa halifai kusomwa na watu wenye heshima zao.

Hapo katikati kuna Violette Leduc. Riwaya yake Ravages ilitoka Gallimard mwaka 1955 ikiwa imekatwa sehemu yake yote ya mwanzo, iliyosimulia mapenzi ya wasichana wawili katika shule ya bweni. Wasomaji wa ndani wa kampuni waliona haichapishiki. Leduc aliumia vibaya sana. Sehemu hiyo ilikuja kutolewa kama kitabu cha peke yake, Thérèse et Isabelle, mwaka 1966, nayo ikiwa imepunguzwa. Maandishi kamili yalitoka mwaka 2000, miaka 28 baada ya mwandishi kufariki. Hapa hatuwezi hata kuzungumzia wasomaji walipokeaje. Hawakupewa nafasi ya kukasirika.

Tusijifanye kwamba hayo ni ya Wafaransa peke yao. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ile ilizuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo. Leo huwezi kuzungumzia riwaya ya Kiswahili bila kuitaja. Wala haikuwa kwamba Waswahili hawayasemi mambo hayo. Kuna unyago. Kungwi humkalisha mwari ndani akamwambia kila kitu bila kumung'unya maneno, na marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye dunia ilimjua kwa taarab, alikuwa pia mtu wa unyago. Shida haikuwa maneno. Shida ni maneno kutoka ndani yakaenda sokoni, yakasomwa na yeyote mwenye pesa ya kununua kitabu. Nadhani hilo ndilo lililomkera Mauriac pia, ila yeye alilivisha joho la maadili ya fasihi.

Haya. Tuje kwa wasomaji wenyewe.

Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina hazina ya barua ambazo wasomaji walimwandikia Beauvoir. Ni karibu 20,000. Mwanahistoria Mmarekani Judith Coffin amezitumia kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2020. Walioandika ni walimu, makarani, mama wa nyumbani, wanafunzi, wanaume pia. Wanasimulia ndoa zao, mimba wasizozitaka, vitanda vyao vilivyopoa, kazi walizoziacha. Wanaomba ushauri. Na wanamgombeza. Ndiyo, wanamgombeza, tena kwa kirefu, halafu wanamalizia kwa kumwomba ajibu. Na Beauvoir alikuwa mtu wa kujibu.

Sehemu kubwa ya barua hizo ilikuja baada ya tawasifu zake, iliyoanza kutoka mwaka 1958. Wasomaji waliokuwa wamechoshwa na falsafa ya juzuu mbili walimkuta sasa mtu: binti wa nyumba ya kitajiri iliyofilisika, anayesoma kwa bidii, anayekataa kuolewa. Wakampenda. Wakajipima naye. Ndipo mwaka 1963 likaja juzuu la tatu, La Force des choses, na katika kurasa za mwisho mwanamke huyu waliyemfanya kielelezo akaangalia nyuma, akaangalia uzee wake na aibu ya vita ya Algeria, akasema kwamba ukilinganisha na alichoahidiwa alipokuwa msichana, amepunjwa.

Neno hilo moja lilitikisa watu. Waliokuwa wakimpinga siku zote walishangilia: mmeona, maisha ya bila Mungu na bila mume yanakoishia. Na waliokuwa wakimpenda waliumia. Wasomaji waliojenga ujasiri wao juu ya ujasiri wake walijiuliza: kama yeye, pamoja na vitabu, safari na uhuru wake wote, kapunjwa, sisi je? Miaka tisa baadaye, katika Tout compte fait, alikuwa bado anaeleza kwamba hakueleweka. Hakuwa akijutia maisha yake, alisema; alikuwa akizungumzia jinsi binadamu anavyoahidiwa vikubwa na ulimwengu na kupewa vidogo.

Namwamini. Lakini pia nawaelewa walioumia. Mtu anaweza kuandika sentensi akiwa na maana moja, na sentensi hiyo ikamfikia mtu jikoni saa nne usiku ikiwa na maana nyingine, na maana hiyo ya pili ikawa nayo ni ya kweli.

Mfano mzuri zaidi ni La Femme rompue, hadithi ndefu iliyotangulia kutoka kwa mfululizo katika gazeti la wanawake la Elle mwaka 1967, halafu ikatoka kitabuni pamoja na nyingine mbili. Ni shajara ya Monique, mwanamke wa miaka 44. Mume wake, Maurice, ni daktari. Mabinti wawili wameshakua na kuondoka. Siku moja mume anakiri kwamba ana mwanamke mwingine, wakili anayeitwa Noëllie. Monique anaandika, anasamehe, anapeleleza, analia, anauliza watu, anatafuta kosa lilianzia wapi, mpaka anabaki peke yake ndani ya nyumba tupu, ana hofu.

Barua zilimiminika. Wanawake walioachwa, na walio njiani kuachwa, waliandika kusema kwamba hii ni hadithi yao, kwamba Maurice ni mume wao, kwamba wanamshukuru kwa kumwanika. Beauvoir alishangaa, na kwa maelezo yake hakufurahi. Alikuwa amekusudia kinyume. Alitaka msomaji asome ile shajara kama hadithi ya upelelezi, aokote dalili zilizotapakaa, agundue kwamba Monique anajidanganya, kwamba aliifanya ndoa kuwa kazi yake pekee na watoto kuwa mali yake, na kwamba hivyo alishiriki katika kuanguka kwake. Wasomaji wakamkumbatia mtuhumiwa. Na upande wa pili wakatokea wanawake wa harakati waliolaumu kwamba hadithi haina mwanamke jasiri wa kuigwa. Kuna na mhakiki aliyeidharau kabla hata ya kitabu kutoka, kwa sababu tu ilikuwa imepitia katika gazeti la akina mama.

Sasa nani alisoma sawasawa?

Nimeisoma hadithi hiyo mara mbili. Dalili zipo, Beauvoir hakusema uongo. Monique anajipamba kwa wema wake mwenyewe, anamsimamia kila mtu, hasikii binti yake anachomwambia. Lakini Maurice naye yupo pale pale ukurasani, amedanganya miaka mingi, anachagua saa ya kusema ukweli inayomfaa yeye. Na nchi ipo nyuma yao. Ilikuwa ni mwaka 1965 tu ndipo mwanamke aliyeolewa Ufaransa aliporuhusiwa na sheria kufanya kazi bila mumewe kuweza kumpinga na kufungua akaunti yake ya benki. Monique aliolewa miaka mingi kabla ya hapo. Waliolia naye waliona kitu ambacho mwandishi, mwanamke aliyejitegemea tangu ujana na asiyewahi kuolewa, alikiona kwa mbali: kwamba kosa la Monique lilikuwa ni kufuata maelekezo. Alifanya kila alichofundishwa kwamba ndicho kinachomfanya mwanamke awe mwema. Kwa maana hiyo wanawake wale walikuwa wakimsomea Beauvoir kitabu chake mwenyewe cha 1949.

Kwa hiyo mtu akiniambia msomaji fulani "amekisoma vibaya" kitabu cha namna hii, nauliza kwanza kitabu kilimkuta wapi.

Tena si kila mtu alikisoma kitabu kilekile. Wengi wetu Afrika Mashariki, tusiojua Kifaransa au tulionacho cha kubabaisha, tumempata Beauvoir kupitia Kiingereza. Tafsiri ya kwanza ya Le Deuxième Sexe ilitoka Marekani mwaka 1953, kazi ya Howard Parshley, profesa wa zoolojia. Alifanya kwa moyo, lakini mchapishaji alitaka kitabu kipungue, na kilichopungua ni kingi, hasa katika historia ya wanawake waliotenda mambo. Mtafiti Margaret Simons alilianika hilo mwaka 1983. Tafsiri isiyokatwa ilisubiri mpaka mwaka 2009. Ina maana kwa zaidi ya nusu karne, wasomaji wa Kiingereza waliolalamika kwamba Beauvoir anawaonyesha wanawake kama watu waliokaa tu wakionewa, walikuwa wakilalamikia kitabu ambacho wanawake waliosimama walikuwa wamefutwa.

Wanawake wenzake wa kalamu nao waligawanyika. Luce Irigaray, aliyetoa Speculum mwaka 1974, alishikilia kwamba kudai usawa na mwanamume ni kuendelea kumfanya mwanamume kuwa kipimo, na kwamba tofauti ya mwanamke ndiyo ya kufikiriwa. Irigaray ameandika kwamba alimpelekea Beauvoir kitabu chake kwa heshima, kama mtu anavyompelekea dada mkubwa, na hakujibiwa. Mwanamke aliyewajibu mamia ya wasomaji asiowajua alikaa kimya kwa huyu. Kimya hicho nacho ni jibu la msomaji aliyekasirika, au aliyechoka; tuache hapo.

Kuna jambo moja ambalo barua na ugomvi huu wote vilizaa, nalo linaonekana kwenye karatasi. Tarehe 5 Aprili 1971, Le Nouvel Observateur lilichapisha tamko la wanawake 343 waliosema: nimetoa mimba. Maneno yalikuwa ya Beauvoir. Walitia saini Marguerite Duras, Françoise Sagan, Monique Wittig, na Violette Leduc yuleyule. Sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilikuja Januari 1975. Sisemi kwamba kitabu kilibadili sheria. Nasema wapo watu waliokisoma kitabu, wakakichukia, wakakirudia, na baadaye wakajua la kusema.

Annie Ernaux ni mmoja wa waliokisoma wakiwa na umri mbaya. Katika Mémoire de fille ya mwaka 2016 anaeleza kwamba alikutana na Le Deuxième Sexe mwaka 1959, akiwa na miaka 18, miezi michache baada ya kudhalilishwa na mwanamume katika kambi ya watoto alikokuwa akifanya kazi wakati wa likizo. Kitabu kilimfungua macho. Hakikumwondolea aibu. Anasema wazi kwamba kupewa funguo za kuielewa aibu siyo kupewa uwezo wa kuifuta. Napenda ushuhuda huo kuliko sifa zote ambazo Beauvoir amepewa, kwa sababu unasema kweli kuhusu vitabu vya aina hii. Ernaux alitoa mimba kwa siri Januari 1964. Aliandika juu yake kwa sura ya riwaya mwaka 1974, halafu bila pazia katika L'Événement, mwaka 2000. Filamu iliyotokana nacho ilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2021, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akapewa Nobel.

Mwaka huohuo wa 2000 Virginie Despentes alikuwa na msukosuko wake. Filamu ya Baise-moi, jina ambalo sitalitafsiri hapa, aliyoiongoza pamoja na Coralie Trinh Thi kutokana na riwaya yake mwenyewe, ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa Juni. Wanawake wawili, mmoja akiwa amebakwa, wanazunguka nchi wakiua. Siku mbili baada ya kuanza kuonyeshwa, Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, iliifuta ruhusa yake kufuatia shauri la chama cha kutetea maadili. Miaka sita baadaye Despentes aliandika insha, King Kong Théorie. Humo anasimulia alivyobakwa akiwa na miaka 17, na anavyokataa kuishi kama mtu aliyevunjika kwa ajili hiyo. Anasimulia pia alivyouza mwili, na anakataa kuliita hilo anguko.

Mimi sura ya ubakaji nimeisoma kwa heshima, na ile ya kuuza mwili nikabishana nayo pembeni ya kurasa kwa penseli. Naona anaupa uchaguzi wake binafsi uzito ambao wanawake wengi walioko kwenye kazi hiyo hawana nafasi ya kuupata. Wapo watetezi wa wanawake, Ufaransa kwenyewe, waliokasirika kwa sababu hiyohiyo. Wapo wengine waliosema ni mara ya kwanza wamesoma mtu asiyewahurumia kwa dharau. Wote wanaendelea kukinunua.

Ukipanga matukio haya pamoja, mgawanyo wa kweli hauonekani kati ya waliopenda na waliochukia. Kuna watu wanaokasirika na kutaka wengine wasisome: Vatikani mwaka 1956, wasomaji wa ndani waliomkata Leduc, mahakama ya mwaka 2000. Na kuna watu wanaokasirika na kutaka kujibiwa: yule mwanamke wa barua, wale wa harakati waliotaka shujaa, Irigaray. Hasira zote mbili zina sauti kubwa, na kwa mbali zinafanana. Ya kwanza huishia pale mlango unapofungwa. Ya pili inahitaji kitabu kiendelee kuwepo, kwa sababu ugomvi bado.

Na ile ya kwanza haisaidii hata kazi yake yenyewe. Mwaka 2020 mchapishaji mdogo alitoa insha fupi ya Pauline Harmange, Moi les hommes, je les déteste, ambayo jina lake linatangaza kuwachukia wanaume. Nakala za mwanzo hazikufika 500. Ofisa mmoja wa wizara inayohusika na usawa akaandika kutishia kwamba kisipoondolewa atafungua mashtaka. Kabla ya hapo kitabu kile kingepita kimyakimya. Baada ya hapo kikagombewa, kampuni kubwa ikakichukua, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Walipokisoma, wengi walikuta insha ya upole kuliko jina lake, na wengine wakalalamika kwamba wameahidiwa moto wakapewa makaa.

Kwenye mazungumzo yetu ya vitabu mara nyingi husikia mtu akisema kitabu cha namna hii ni cha Kizungu, hakituhusu, na mwingine akimjibu kwamba hajaelewa. Wote wawili wanamaliza mazungumzo. Ningependa yule wa kwanza aseme ni ukurasa gani uliomkera, na yule wa pili amwachie asome kwa sauti.

Kwa anayetaka kuanza, usianze na zile kurasa 1,000. Tafuta La Femme rompue, soma ile hadithi ya tatu, inamalizika kwa jioni moja au mbili. Soma ukiwa upande wa Monique. Halafu irudie ukiwa mpelelezi, kama mwandishi alivyotaka. Ukikuta unamkasirikia Monique, au Maurice, au Beauvoir mwenyewe, andika kwa nini, utuletee.